Sura ya Tano: Mchoraji Aliyezaliwa Ugenini

Mwaka 1947, katika mji uliokuwa ukiitwa Elisabethville na ambao leo ni Lubumbashi, alizaliwa kwa wazazi Waluba wa Kasai mtoto aliyeitwa Tshibumba Kanda Matulu, ambaye, ingawa maji ya kwanza aliyoyanywa yalikuwa maji ya Katanga, na lugha aliyoikuta uani na njiani ilikuwa Kiswahili cha Katanga, alikulia katika kabila ambalo majirani wengi walilihesabu kuwa la wageni. Kampuni ya Union Minière, ambayo utajiri wake wote ulitoka katika shaba ya nchi ile, ilikuwa imewaita Waluba wa Kasai tangu miaka ya 1920 waje wafanye kazi migodini, na wengine wakaingia relini na maofisini; wakaja na wake zao, wakajenga, wakazaa, wakazika wafu wao palepale. Lakini kuzika wafu mahali hakumfanyi mtu kuwa mwenyeji maadamu wenye mahali hapo hawajaridhia, na jambo hili, chungu kulitaja, ndilo mzizi wa sura hii.

Nayaandika haya nikiwa Bunia, mji mkuu wa Ituri, ambako wapo watu waliozaliwa mjini na hata hivyo huulizwa kijiji cha babu yao kabla hawajauziwa kiwanja, na ambako, katika kambi ya Kigonze, wapo watoto wasiopata kukiona kijiji wanachoambiwa ni chao, kwa sababu walizaliwa chini ya turubai baada ya wazazi wao kuikimbia Djugu machafuko yalipofufuka Desemba 2017. Akiniuliza mtu mchoraji wa Lubumbashi ana nini na watu wa Ituri, nitamjibu kwamba katika wasanii wote wa nchi yetu simwoni aliyetangulia kutufundisha, kwa rangi na kwa Kiswahili, namna mtu aliyedhulumiwa kwa ajili ya asili yake anavyoweza kuusimulia msiba wa mwingine bila kuuficha wake.

Alikuwa na umri upatao miaka 13 Kongo ilipopewa uhuru tarehe 30 Juni 1960, na hata wiki mbili hazikutimia kabla Moïse Tshombe, tarehe 11 Julai, hajatangaza kwamba Katanga imejitenga. Mwezi wa Agosti Albert Kalonji naye akaitenga Kasai ya Kusini. Na Waluba waliokuwa Katanga, ambao hawakushauriwa na yeyote kati ya wakubwa hao, wakaanza kutazamwa kama maadui waliolala ndani ya nyumba. Mwaka 1961 makumi ya maelfu yao walikimbilia kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa hukohuko Elisabethville, wakaishi katika vibanda walivyoviunga kwa chochote walichookota, na mwaka uliofuata wengi wakasafirishwa kwenda Kasai, nchi ambayo baadhi yao waliijua kwa masimulizi ya wazee tu. Aliyekuwapo Bunia mwezi wa Mei 2003, akauona umati uliojazana kando ya uwanja wa ndege na mbele ya makao ya MONUC, ujumbe wa Umoja wa Mataifa, hana haja ya kuelezwa kambi ile ilifananaje.

Sanaa aliyoishika Tshibumba ilikuwa sanaa ya mtaani. Mjini mwao Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alikuwa amefungua karakana mwaka 1946, iliyojulikana kwa jina la Hangar, akawalea humo mafundi wa shani kama Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga, ambao ndege na samaki wao waliwapendeza Wazungu hata wakavuka bahari. Tshibumba hakutokea katika mlango ule. Yeye alikuwa miongoni mwa wachoraji waliowachorea Wakongo wenzao, yaani makarani, walimu, wachuuzi na watu wa mgodini, ambao katika miaka ya 1960 na ya 1970 walitaka sebuleni mwao pawe na picha ya kumkaribisha mgeni na ya kuanzishia mazungumzo. Kitambaa kilikuwa cha gunia la unga, kikawambwa juu ya fremu ya vijiti na kupakwa rangi nyeupe kwanza ili matundu yazibe. Mkono ulikwenda mbio kwa sababu bei ilikuwa ndogo. Na picha ilipokauka, mchoraji mwenyewe aliichukua chini ya kwapa akatoka kwenda kuitembeza. Wenyewe waliziita picha hizi ukumbusho. Mada zake zilijulikana na kila mtu: Mamba Muntu, jini wa majini mwenye kiwiliwili cha mwanamke na mkia wa samaki, atoaye mali kwa masharti mazito, Simba Bulaya, yule mla watu wa hadithi za ukoloni, Lumumba, na ile inayoitwa kwa Kifaransa Colonie belge, ambayo Tshibumba aliirudia mara nyingi.

Hiyo ya mwisho yafaa tuisimamie. Ni uwanja wa gereza, bendera ya Ubelgiji juu ya mlingoti, na wafungwa waliovaa sare ya milia ya manjano na nyeusi. Mmoja wao amelazwa kifudifudi, na askari Mkongo amekwisha kuinua kiboko. Mzungu mwenye amri amesimama kando akitazama, hana hasira wala haraka. Na upande mwingine wamo wanawake waliowaletea waume zao chakula, ambao hawawezi kusogea wala kuondoka. Wapitao upesi humwona anayepigwa na anayeamuru, wakaridhika kwamba wameelewa. Mimi, kila niitazamapo picha ya namna hii, macho yangu huishia kwa yule askari, ambaye mchoraji hakumpa pembe wala meno ya shetani, bali alimpa uso wa Kikongo uleule wa huyo aliye chini ya kiboko chake. Katika mji wa migodi, mnunuzi wa picha hii aweza kuwa mtoto wa mfungwa, na aweza vilevile kuwa mtoto wa askari. Itatundikwa sebuleni mwa mmoja na sebuleni mwa mwingine, na kila mmoja ataulizwa na wanawe, wakati wa chakula, yule ni nani na kwa nini anampiga mwenzake. Ustadi wa kuifanya picha moja iwaulize watoto wa pande mbili swali moja, bila kumtukana baba wa yeyote, naona ni ustadi mkubwa kuliko wa kuchora mkono ukaonekana mkono.

Mwaka 1973 Tshibumba, ambaye wakati huo alikuwa akikaa Kipushi, mji wa mgodi ulio mpakani mwa Zambia, alibisha hodi kwa Johannes Fabian, Mjerumani aliyekuwa akisomesha elimu ya jamii na mila katika chuo kikuu cha Lubumbashi, akiwa na picha za kuuza. Katika mazungumzo yao ikazaliwa azma ya kuichora tarehe yote ya nchi, tangu wahenga hata siku ile, na katika muda usiotimia miaka miwili zikapatikana picha 101. Kila alipoleta fungu jipya alizipanga kwa taratibu, akazieleza moja baada ya moja kwa Kiswahili, na sauti yake ikanaswa kwenye kanda. Kwa hiyo tunayo leo picha na maneno ya mchoraji pamoja, jambo ambalo kwa wasanii wa Afrika wa wakati ule ni nadra mno. Yumo Diogo Cão, Mreno aliyefika kwa mfalme wa Kongo. Yumo Msiri, Mnyamwezi aliyetoka Tanganyika akaitawala Garenganze toka Bunkeya hata alipouawa Desemba 1891. Yumo Simon Kimbangu na minyororo yake. Wamo watu wa Union Minière waliopigwa risasi Desemba 1941 kwa kosa la kudai mshahara. Na kuelekea mwisho mchoraji anayaacha yaliyopita akathubutu kuyachora yajayo. Fabian aliyachapisha hayo yote mwaka 1996 katika kitabu chake Remembering the Present. Tshibumba mwenyewe alishikilia kwamba yeye ni mwanahistoria, nami sioni sababu ya kumnyima cheo hicho, kwa kuwa mwanahistoria wa vyuoni naye huchagua la kusema na la kunyamazia, ila huchagua akiwa na mshahara.

Sasa nafika kwa Lumumba, na hapa naomba msomaji wa Ituri asiharakishe. Mwishoni mwa Agosti 1960 askari wa serikali ya Patrice Lumumba, waliotumwa kuirudisha Kasai ya Kusini, waliwachinja raia Waluba huko Bakwanga, mji ambao sasa ni Mbuji-Mayi, hata Dag Hammarskjöld, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, akasema kwamba kitendo kile kina sifa za jinai ya kuliangamiza taifa. Waliouawa walikuwa ndugu wa Tshibumba kwa damu na kwa lugha ya wazazi wake. Laiti angeamua kumchora Lumumba kuwa mchinjaji, au kuliacha jina lake lisionekane kabisa katika picha 101, nani angemlaumu? Badala yake alimfanya Lumumba kuwa kiini cha kazi yake yote. Amemchora akihutubia siku ya uhuru, amemchora mikononi mwa waliomkamata, na katika picha ya mauti yake ya tarehe 17 Januari 1961 amewalaza chini watatu, Lumumba na wenziwe Maurice Mpolo na Joseph Okito, nyuma yao misalaba mitatu imesimama, na ubavuni mwa Lumumba limo jeraha ambalo Mkristo yeyote wa Kongo anajua ni jeraha la nani.

Wako watakaosema kwamba huu ulikuwa mtindo wa biashara, kwa sababu picha za Lumumba ziliuzika, na isitoshe chini ya Mobutu, aliyekwisha kumtangaza Lumumba shujaa wa taifa mwaka 1966, kumlilia hakukuwa kosa. Haya ni kweli, wala sitaki kumfanya fundi aliyekuwa akitafuta riziki kuwa walii. Lakini biashara yaweza kueleza kwa nini mtu achore Lumumba mmoja wa kuuza. Haielezi kwa nini Mluba wa Kasai, aliyezaliwa katika mji ambao ulimkataa, achukue kifo cha kiongozi wa serikali iliyowaua watu wake, akakiweka katikati ya tarehe ya nchi nzima na kukipa heshima ya Kalvari. Mtu huyu aliutazama mwili wa mwingine akauona umeonewa, na kuonewa huko hakukupungua machoni pake kwa sababu ndugu zake nao walikuwa wameonewa. Huruma ya aina hii ni tendo la akili na la insafu. Haiji yenyewe kama machozi yajavyo.

Nimesoma habari za wasanii wa mataifa mengine waliotawanyika kwa vita, nikaona njia hii haikupitwa na Tshibumba peke yake. Thi Bui alizaliwa Saigon mwaka 1975, na mwaka 1978 wazazi wake wakamkimbiza Vietnam kwa mashua hata kambi ya wakimbizi Malaysia, kisha Marekani. Kitabu chake cha hadithi za picha, The Best We Could Do, kilichotoka mwaka 2017, kilianzia chuoni kama kazi ya kukusanya masimulizi ya wazazi wake, na alipoona kwamba kuandika peke yake hakutoshi, akajifunza sanaa ya katuni akiwa mtu mzima ili aweze kukikamilisha. Baba yake alikuwa mtu mgumu, ambaye ukimya wake uliwatisha watoto; binti akamwuliza, akasikiliza, kisha akamchora akiwa kitoto chenye njaa huko kaskazini mwa Vietnam, katika miaka ya vita na njaa kuu ya 1945, kikijificha na kuhofu. Msomaji amkutapo mzee yule tena katika kurasa za mbele, hawezi kumchukia kama alivyoanza. Ugumu wa mzee umebaki palepale, na mtoto aliye ndani yake ameonekana.

Mwenzetu mwingine, Barly Baruti, aliyezaliwa Kisangani mwaka 1959, wakati Ituri na Kisangani zilipokuwa za jimbo moja kubwa, alifika kwenye jambo hilihili kwa kalamu ya mchora katuni, na kwa miaka mingi amefanya kazi Ubelgiji. Katika Madame Livingstone, kitabu cha mwaka 2014 alichokitengeneza pamoja na mwandishi Christophe Cassiau-Haurie, vita vya Ziwa Tanganyika vya mwaka 1915 vinasimuliwa kupitia Mbelgiji mrusha ndege na mwongoza njia wake Mwafrika, ambaye huvaa sketi ya Kiskoti na kudai ana nasaba na Livingstone. Watu wanamcheka mwongozaji huyu, na kadiri kurasa zinavyofunuliwa yule Mbelgiji anatambua kwamba mchekwaji ndiye aliyevifahamu vita kuliko wote. Ni kitabu kizuri, chenye rangi zilizokomaa. Ila kimeandikwa kwa Kifaransa na kuchapwa mbali, na hapo ndipo ninapomrudia Tshibumba, ambaye alisema kwa lugha ya sokoni.

Wala hakuwa wa kwanza kufanya hivyo katika mji ule. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya wenziwe waliokuwa wakitumika majumbani mwa Wazungu, aliiandika kwa Kiswahili habari ya mji wa Elisabethville, kazi ambayo wasomi waliokuja baadaye wameisoma kwa mshangao mkubwa, wakitambua kwamba mpishi na dobi waliona mengi kuliko gavana. Natamani siku moja watumishi wa majumbani wa Bunia, waliowapikia makamanda wa kila kundi lililopata kuutawala mji huu, waandike nao.

Maana hapa kwetu mikono ipo. Kinyozi ana vichwa vilivyochorwa mlangoni pake, kwado, mziba matairi, ana gurudumu lake ukutani, na muuza nyama ana ng'ombe aliyenona kuliko wote walio buchani. Fauka ya hayo, Ituri ilikuwa na wachoraji kabla ya kuwa na ramani: katika msitu upande wa Mambasa na Epulu wanaume wa Kimbuti huliponda gome la mti hata lilainike likawa kitambaa, na wanawake hulichora kwa maji meusi ya tunda yaliyochanganywa na makaa, wakapitisha mistari inayokwenda kwa mwendo wa wimbo, ikakatika pasipotarajiwa, ikaanza upya; na majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani huzigombania nguo hizo. Kinachokosekana ni mtu wa kuielekeza mikono hiyo kwenye kisa kilichotuumiza sote.

Kisa chenyewe kimeandikwa hadi sasa na wanasheria. Kati ya 1999 na 2003 vita vya Ituri, ambavyo Wahema na Walendu walitumbukizwa ndani yake na wenye silaha wa ndani na wa nje, viliua watu wanaokadiriwa kupita 50,000. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu Thomas Lubanga miaka 14 mwaka 2012, Germain Katanga miaka 12 mwaka 2014, na Bosco Ntaganda miaka 30 mwaka 2019. Na kwa shambulio la Bogoro la tarehe 24 Februari 2003, mahakama iliamuru mwezi wa Machi 2017 kwamba wahanga 297 wapewe kila mmoja dola 250 kuwa fidia ya ishara, pamoja na misaada ya pamoja. Hukumu hizo zilikuwa za lazima, na waliotoa ushahidi walifanya ushujaa. Lakini katika mahakama kila msiba una mshtakiwa wake na jalada lake, na msiba wa Mlendu haukutani na msiba wa Mhema ila katika faharasa. Hajatokea bado fundi aliyechora picha moja ambayo itatundikwa katika nyumba ya Mhema mtaani Mudzipela hapa Bunia na kutundikwa pia katika nyumba ya Mlendu aliyeuhama mji, na katika nyumba zote mbili mtoto akauliza swali lile la Colonie belge.

Tshibumba alipotea. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 hazikupatikana tena habari zake, na picha alizomchorea Fabian ziliingia mwaka 2000 katika makumbusho ya Amsterdam yaliyoitwa wakati ule Tropenmuseum, mahali ambapo mtoto wa Kipushi hawezi kufika, seuze wa Bunia. Hata hivyo nakala zaweza kuchapwa, na maneno yake ya Kiswahili yamehifadhiwa kama alivyoyasema, Kiswahili cha Kongo kisichopitia kwa mhariri, ambacho mwanafunzi wa hapa atakielewa bila kamusi. ISP ya Bunia hufundisha walimu. Chuo Kikuu cha Shalom kina kumbi na wasomaji. Picha 20 tu zilizochapwa vizuri, zikining'inizwa ukutani pamoja na maneno yake, zingetosha kuanzisha darasa. Gunia la unga linapatikana soko lolote, na rangi zinauzwa dukani penye misumari. Ila ningependa darasa hilo lisianze na rangi. Wiki za kwanza kila mwanafunzi atumwe kwenye nyumba isiyo ya kabila lake, kwa mzee aliyekwisha kukubali kuzungumza, amsalimie kwa adabu, akae anapoonyeshwa, aulize nani alifiwa na nani, na ilikuwa saa ngapi, na jiko lilikuwa limewashwa au bado, na mbwa alikwenda wapi. Ayaandike majibu kwa Kiswahili. Na akishachora, airudishe picha kwa mzee yuleyule kabla mtu mwingine hajaiona, ili mzee aseme ni wapi alipokosea.